Kuwatazama dubu wa Katmai kutoka barazani Kibokoni

Kazi yangu ni samaki. Nakaanga na kuuza Kibokoni, hapa Mji wa Kale wa Mombasa, karai likiwa motoni tangu alasiri mpaka watu watoke msikitini Isha. Nikishaosha karai na kumwaga maji ya magamba, natia kahawa tungu kikombeni, nakaa barazani na simu yangu, na hapo ndipo nawafungulia dubu. Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha mara ya kwanza, akidhani nitatazama dakika mbili nirudi jikoni. Sasa ni mwaka wa sita. Majirani wanaokuja kuketi nami huuliza yale yale: nawapata wapi, mbona kwao ni mchana, yule mkubwa ni nani. Nimeona niyaandike yote pamoja, maana jambo lenyewe ni zuri na ni bure, na mtu akielekezwa vyema siku ya kwanza hachoki upesi.

Mahali panaitwa Katmai. Ni mbuga ya taifa katika jimbo la Alaska, Marekani, kwenye rasi inayoingia baharini upande wa kusini-magharibi. Ukubwa wake unapita kilomita za mraba 16,000. Tsavo Mashariki yote ukiitandaza humo, nafasi inabaki. Barabara ya kufika hakuna. Mtu hupanda ndege hadi Anchorage, kisha nyingine hadi mji mdogo uitwao King Salmon, halafu ndege ndogo ya kutua majini, au boti, hadi kambi ya Brooks. Dubu wa kahawia wanaoishi mbugani wanakadiriwa kuwa 2,200. Tangu 2012 kuna kamera kando ya mto Brooks zinazorusha picha moja kwa moja kupitia explore.org, na picha hizo hizo zinapatikana YouTube. Andika Brooks Falls, utazikuta. Hulipi kitu, hujisajili popote.

Elewa saa kwanza. Wengi hufungua mchana wetu, wakakuta giza, wakadhani kamera imeharibika. Majira ya dubu, Alaska iko nyuma yetu kwa saa kumi na moja. Hesabu ninayowafundisha watoto ni hii: chukua saa yetu, ongeza moja, kisha geuza usiku uwe mchana. Saa mbili usiku Mombasa ni saa tatu asubuhi kwao, siku ile ile. Saa kumi na mbili asubuhi yetu ni saa moja jioni kwao, nao bado wako jana. Mwezi wa saba kwao kunakucha sisi tukiwa saa kumi na nusu alasiri, na jua halitui mpaka saa nne na nusu ya asubuhi yetu. Mwisho wa mwezi wa tisa siku imefupika, kunakucha Isha ikikaribia. Kwa hiyo aliye na kazi mchana hapotezi chochote. Usiku wetu mzima ni mchana wao.

Msimu ni mwisho wa Juni hadi Oktoba. Kwetu hilo ni kusi: bahari imechafuka, mashua ndogo hazithubutu kutoka nje ya mwamba, samaki wachache na bei juu. Nami hukaanga nusu ya ninachokaanga kaskazi. Wakati huo huo upande wa pili wa dunia samoni wekundu wanaingia ghuba ya Bristol kwa makumi ya mamilioni, na sehemu yao hupanda mpaka mto Brooks. Julai ndiyo wanapozidi, na hapo ndipo dubu hujaa maporomokoni, kumi, kumi na tano, hata zaidi kwenye picha moja. Agosti mto hupoa, dubu hutawanyika kutafuta vijito vingine, na mtu anayeanza Agosti hukata tamaa bure. Septemba wanarudi. Kama una muda wa mwezi mmoja tu, chukua Julai. Kama una miwili, ongeza Septemba, kwa sababu nitakayoieleza.

Habari ya bando ni fupi. Picha ya ubora wa juu hula giga nzima kwa saa na zaidi. Msimu wangu wa kwanza nilimaliza bando la wiki usiku mmoja. Shusha ubora hadi kiwango cha chini kabisa unachoweza kuvumilia. Dubu ni mnyama mkubwa, ataonekana tu. Zima sauti usipoihitaji, lakini siku moja moja iwashe, usikie yale maji na shakwe.

Kamera ni kadhaa. Kuna ya maporomoko, kuna ya chini kidogo kwenye maji mafupi yanayokimbia juu ya mawe, kuna ya mdomo wa mto karibu na ziwa Naknek, kuna hata ya chini ya maji. Nyingine iko juu kwenye mlima Dumpling, inaonyesha mandhari. Kosa la wageni ni kurukaruka: hapa dakika moja, pale dakika moja, wakitafuta vurugu. Usifanye hivyo. Chagua ya maporomoko, tulia nayo wiki nzima. Baba yangu alikuwa akivua kwa mshipi, naye alisema anayehama mwamba kila saa hurudi na chambo. Na hapa ni vivyo hivyo: kitu unachotafuta hukukuta umetulia.

Sasa, unatazama nini? Anza na samaki, si dubu. Samoni huzaliwa kwenye maji matamu, huenda baharini miaka miwili au mitatu, kisha hurudi mto ule ule aliozaliwa kutaga mayai na kufa. Akishaingia mtoni hali tena. Mto Brooks ni mfupi, kama kilomita mbili na nusu, unaunganisha ziwa Brooks na ziwa Naknek, na katikati pana ngazi ya mwamba yenye kimo cha mtu mrefu. Hapo ndipo samaki hulazimika kuruka. Wakianza kuruka wawili watatu kwa dakika, hesabu robo saa, dubu wataongezeka. Wasiporuka, utaona dubu wamelala vichakani na wachache wakikodoa macho majini.

Kisha tazama kila dubu anavuaje, kwa kuwa hawavui namna moja, na hili ndilo linalonifunga mimi. Yuko anayesimama juu ya ukingo wenyewe wa maporomoko, miguu majini, shingo mbele, akingoja samaki amrukie mdomoni. Kwetu tunasema hasira za mkizi, tijara ya mvuvi. Mkizi huruka mwenyewe akaanguka chomboni. Dubu huyo anaishi kwa methali hiyo. Lakini angalia vizuri: hafungui mdomo ovyo. Anaacha samaki watano, sita wapite, anamdaka yule anayekuja usawa wa uso wake tu. Yuko mwingine anayekaa chini, kwenye povu, maji kifuani, asione kitu kabisa. Huyo anavua kwa kugusa. Samaki akimpita miguuni anamkanyaga, anainama, anamtoa. Nafasi hiyo ya povu ni ya wakubwa, na mdogo akiikalia hataimaliza saa. Vijana hukimbiza samaki kwenye maji mafupi, wakirusha maji kila upande, wakipata mmoja kwa mbio kumi. Wengine huingiza kichwa chini ya maji na kutembea hivyo hivyo wakichungulia, kama wazamiaji wetu wa pweza. Na wapo waporaji, hawavui, wanangoja mwenzao avue.

Shika daftari. Mimi nina la shule, la kurasa 96. Naandika tarehe, saa, nani yuko wapi, amepata wangapi. Baada ya wiki mbili utaanza kuona kwamba kila mmoja ana mahali pake na zamu yake, na kwamba mdogo humpisha mkubwa bila kupigana. Anageuza uso, anarudi nyuma pole pole. Vita vya kweli ni vichache. Kazi kubwa ya dubu pale ni kusomana.

Kuwatambua kunataka subira. Watafiti wamewapa nambari, na wengi wana majina pia. Usitegemee rangi ya manyoya. Dubu aliyelowa ni mweusi, aliyekauka ni wa kahawia, na wa Julai aliyepukutika manyoya si yule wa Septemba aliyevaa koti jipya. Mwaka wa kwanza nilimwita jike mmoja kwa majina mawili mwezi mzima kwa ajili hiyo. Tazama masikio, umbo la pua, makovu, namna anavyokaa, na zaidi ya yote mahali anaposimama. Chunk, nambari 32, ana macho yaliyokaribiana na kovu puani. Grazer, nambari 128, ni jike mwenye masikio mepesi ya rangi ya nyasi kavu, naye hamwogopi dume yeyote.

Otis, nambari 480, lazima nimtaje peke yake. Alianza kuandikwa kwenye orodha ya mto ule 2001. Alikuwa mzee, meno mengine yameng'oka, sikio moja limelegea. Mahali pake palikuwa pembeni, karibu na ukingo wa mto, watazamaji wakapaita ofisi yake. Alikuja, akaketi, akatulia kabisa. Wakubwa walimsogeza, akahama hatua mbili, akatulia tena. Usiku mmoja nilimhesabia saa nzima bila kunyanyuka isipokuwa kuinamisha kichwa, na kila kilipoinama kilipanda na samaki. Nimeuza samaki maisha yangu yote na nimewajua wavuvi wazuri. Namweka Otis miongoni mwao. Msimu wa 2024 ulipita bila yeye kuonekana. Hata leo nikifungua kamera macho yangu huanzia pembe ile.

Tazama pia wanavyokula, hasa ukiwa na watoto wa kufundisha. Julai, njaa ya usingizi ingali tumboni, dubu hula samaki mzima, kichwa na miiba. Samaki wakishazidi anaanza kuchagua. Anamkandamiza kwa kiganja juu ya jiwe, anauma pembeni mwa shavu, anavuta ngozi ikaja yote kwa mkupuo mmoja hadi mkiani, kama mimi ninavyochuna papa aliyechemshwa. Anakula ngozi. Anapasua kichwa, anakula ubongo. Kama ni jike mwenye mayai, anayakamua. Minofu, ile tunayoilipia sisi, anaiacha ielee, shakwe na dubu wadogo waishindanie. Anatafuta mafuta, basi. Wakati wa baridi atalala pangoni miezi mitano au sita bila chakula wala maji, na kuamka amepoteza hata theluthi ya uzito wake.

Ndiyo maana nasema Septemba. Samoni waliotaga wamegeuka wekundu mwili mzima, kichwa kijani, madume pua imepinda kama ndoana, wanakufa na kuelea. Dubu wanaokota tu. Na miili yao! Dume aliyekuwa na mbavu za kuhesabika Juni sasa tumbo linakaribia kugusa mchanga. Dubu 747 alikadiriwa 2020 kufikia kilo 635 hivi.

Mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba huja Wiki ya Dubu Wanene. Ilianza 2014 ikiwa siku moja, mwaka uliofuata ikawa wiki. Wanawekwa wawili wawili, picha ya Julai na picha ya sasa, na mtu yeyote duniani mwenye intaneti hupiga kura. Siku hizi kura hupita milioni moja. Otis alishinda mara nne, mara ya mwisho 2021. Ushauri wangu: usimpigie mkubwa kwa kuwa ni mkubwa. Fungua daftari lako, linganisha alivyokuja na alivyo. Jike aliyenyonyesha msimu mzima na bado akanenepa amefanya kazi kuliko dume aliyekalia povu kwa ubavu wake.

Kuna usiku mgumu, nao uujue mapema. Julai 2024 watoto wawili wa Grazer walisombwa na maji wakaporomoka hadi chini alikokuwa Chunk. Chunk akawashambulia. Grazer alimrukia dume lile lililomzidi mwili, akampiga hata akamwondoa, lakini mtoto mmoja alikufa kwa majeraha. Mjukuu wangu alilia. Sikuzima simu. Nilimwambia akae karibu nami, tukamtazama mama na yule mtoto aliyebaki mpaka walipoondoka. Ukiwa na mtoto, usimwambie kwamba Chunk ni mbaya. Mwambie ni dume, na madume ya dubu hufanya hivyo. Oktoba ile Grazer na Chunk walikutana kwenye kura ya mwisho, Grazer akashinda, wa pili mfululizo. Mwaka 2025 Chunk alifika mtoni na taya limevunjika, akavua na taya lake lile, akanenepa, akashinda yeye. Mjukuu wangu alimpigia kura. Sikumuuliza sababu.

Usiku dubu wakiwa wachache, fungueni kamera ya mlimani mzungumze habari ya moto, kwa sababu mbuga hii haikuwekwa kwa ajili ya dubu. Tarehe 6 Juni 1912 ilipasuka volkano iitwayo Novarupta, ikatapika kwa muda wa saa 60 hivi. Ndio mlipuko mkubwa kuliko wote wa karne ya 20. Mji wa Kodiak, ng'ambo ya bahari, kilomita kama 160, ulikaa gizani siku mbili na nusu kwa majivu. Pima kwa huku kwetu: mlima ulipuke Voi, na Mombasa mtu asiuone mkono wake mchana. Kwenye ghuba ya Kaflia kulikuwa na wavuvi. Mmoja wao, Ivan Orloff, alimwandikia mkewe kwamba wamefunikwa na majivu na wanawasha taa usiku na mchana. Vijiji vya Waalutiiq, wenyeji wa pwani ile, vilihamwa. Katmai na Savonoski havikukaliwa tena.

La ajabu, kilele kilichoporomoka ni cha mlima Katmai, kilomita kumi kutoka Novarupta. Miaka mingi watu waliamini Katmai ndio uliolipuka. Watoto nawaeleza hivi: tangi la maji liko juu ya paa, bomba linafunguliwa uani, maji yanamwagika uani lakini linalobaki tupu ni tangi. Mawe yaliyoyeyuka chini ya Katmai yalitokea Novarupta, na mlima ukakosa cha kuushikilia, ukaingia ndani. Kwenye kasoko lile sasa pana ziwa.

Mwaka 1916 mtaalamu wa mimea, Robert Griggs, alifika kwenye bonde lililofukiwa akakuta mvuke ukitoka ardhini kila upande, akaliita Bonde la Moshi Elfu Kumi. Mahali pengine majivu yana kina cha mita 200 hivi. Minazi kumi mirefu, mmoja juu ya mwingine. Kwa ajili ya bonde hilo Rais Woodrow Wilson alitenga eneo lihifadhiwe 1918, na 1980 likawa mbuga ya taifa. Moshi umekwisha karibu wote. Majivu hayajakwisha: upepo mkali ukivuma bila theluji wala mvua, huyainua yale yale ya 1912 hadi leo. Aliyeyaona majiwe meusi ya volkano ya Shetani kule Tsavo Magharibi ana mahali pa kuanzia kufikiria.

Aliyejaliwa nauli ya kwenda mwenyewe, nitasema machache. Ukishuka Brooks unaketishwa kwanza ufundishwe kuishi na dubu. Unakaa mita 45 mbali nao. Chakula hutembei nacho. Ukikutana na dubu njiani hukimbii, unampisha. Jukwaa la maporomoko huchukua watu 40, na Julai kuna foleni. Nafasi za kulala hutafutwa miezi mingi kabla.

Oktoba ikielekea ukingoni dubu hupungua mmoja mmoja, bila kuaga. Mto unabaki mtupu na picha zinakuwa za marudio. Hapo mimi hufunga daftari, nikaandika juu yake majina ya waliokuwapo, nikaacha mstari mtupu mbele ya kila jina. Mwisho wa Juni, kusi likivuma, karai likishaoshwa, nalitoa na kalamu. Wa kwanza kutokea kwenye ukingo namwekea alama.